Darasa la jioni la Kiingereza, Langoni: "whom" wameiweza, "kwamba" wameiacha nje

Darasa liko mtaa wa Langoni, Lamu, orofa ya juu, ndani ya kichochoro kinachotoka usita wa mui, yaani njia kuu ya mji. Wanafunzi huingia baada ya swala ya alasiri na kutoka nusu saa kabla ya magharibi, Jumatatu na Jumatano, kwa wiki sita. Ada ni shilingi 3,500, pamoja na kijitabu cha kurasa 28 kilichopigwa kopi na kubanwa stepla. Mada ni mbili tu. Ya kwanza ni vishazi rejeshi, yaani vile vinavyofuata jina na kulieleza: "who", "which", "that", "whose", "where". Ya pili ni vishazi nomino, vinavyokaa mahali ambapo jina lingekaa: "what he said", "that the boat is late", "where she lives".

Mada mbili kwa vipindi 12 ni uamuzi wa busara. Ziko kozi za jioni zinazojigamba kumaliza sarufi yote ya Kiingereza kwa mwezi, na mwanafunzi hutoka na daftari zuri lakini ulimi uleule. Hapa wanaohudhuria ni makundi mawili: waongoza wageni, manahodha na wafanyakazi wa hoteli za Shela, kisha watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ambao karatasi yao ya pili ya Kiingereza ina alama 15 za sarufi, na maswali ya kuandika upya sentensi bila kubadili maana hayakosekani. Kundi la kwanza linataka kueleweka na mgeni, la pili linataka alama. Mwalimu amejitahidi kuwalisha wote sahani moja, na kwa nusu ya kwanza ya kozi amefanikiwa.

Siri ya nusu hiyo ni mkasi. Wanafunzi hugawana mikasi, kila mmoja hupewa gundi na vipande vya karatasi ya manila, na mezani pana kopo tupu la maziwa. Kwenye kipande kimoja unaandika "The captain lives in Shela." Kwenye cha pili, "You met him yesterday." Kisha unafuata hatua hizi. Tafuta neno la sentensi ya pili linalomrudia mtu wa sentensi ya kwanza: ni "him". Likate, ulitupe koponi. Chukua kadi ya rangi, andika "whom" au "that", uiweke mwanzoni mwa sentensi iliyokatwa. Sasa pasua sentensi ya kwanza mara tu baada ya "captain", upachike kishazi hapo: "The captain whom you met yesterday lives in Shela."

Anayejua Kiswahili ataona mara moja kwa nini mkasi unafaa kuliko maelezo ya ubaoni. Kishazi rejeshi cha Kiswahili hakipendi kuacha pengo. Tunasema "nahodha uliyekutana naye", na "naye" iko palepale. Tunasema "mtu niliyemwona", na "-mw-" imekaa ndani ya kitenzi. Tunasema "nyumba niliyozaliwa ndani yake". Kila mara mtu au kitu kinatajwa mara mbili, na hakuna anayeona ziada. Kiingereza kinafanya kinyume: kirejeshi kikishakwenda mbele, mahali kilipotoka panabaki patupu. Ndiyo maana midomo yetu hutoa "the captain whom you met him", "the man that I saw him" na "the house which I was born in it". Ukimwambia mwanafunzi "usirudie kiwakilishi", anaitikia, kisha anarudia. Akishaikata "him" kwa mkono wake na kuitupa koponi, akitaka kuirudisha inambidi ainame aitafute.

Mkasi unafundisha na mengine ambayo vitabu vingi hushindwa kuyafafanua. Chukua "I was born in that house." Ukitaka kutumia "which", kata "that house" peke yake, "in" inabaki, nawe unapata "the house which I was born in". Ukitaka kutumia "where", kata "in that house" yote matatu, kwa kuwa "where" imebeba "in" tumboni. Unapata "the house where I was born". Mtu akiandika "the house where I was born in", mwalimu humwonyesha tu kwamba amekata maneno mawili badala ya matatu. Hakuna kanuni ya kukariri hapo.

Kwa vihusishi, yaani maneno kama "to" na "in", darasa lina zoezi zuri la "You spoke to him." Ukikata "him", "to" inabaki yatima mwishoni: "the captain you spoke to". Unaweza kuibeba mbele: "the captain to whom you spoke", ambayo ni lugha ya barua rasmi. Makosa ni matatu na yote hujitokeza kila kipindi. La kwanza, kuiweka pande zote mbili: "to whom you spoke to". La pili, kuitupa kabisa: "the captain whom you spoke". La tatu, kuandika "to that you spoke", ambalo halikubaliki kamwe, kwa kuwa "that" haifuati kihusishi. Hili la pili ndilo sugu. Vitenzi vyetu vingi hubeba uhusiano wa "kwa" ndani yake, "niliyemwandikia", "aliyemsomea", na mtu akitafuta neno la kando la kuwekea "-i-" au "-e-" hiyo halioni.

"Whose" nayo inakatwa kwa namna yake. "His boat sank": unakata "his", unaweka "whose", na "boat" inavutwa pamoja nayo mbele, "the man whose boat sank". Kiswahili kingesema "mtu ambaye mashua yake ilizama", na tafsiri ya neno kwa neno ndiyo inayozaa "the man whom his boat sank". Hapa kijitabu kimekosea, ukurasa wa 9: kinasema "whose" ni ya watu tu. Si kweli. "A house whose door is carved" ni Kiingereza safi, tena ni sentensi ambayo mwongoza wageni wa mtaa wa Mkomani ataihitaji kila asubuhi. Kutumia "of which" mahali hapo, kama kijitabu kinavyoshauri, kunamfanya aonekane anasoma hati ya mahakama.

Mahali mkasi usipofika ni mpangilio wa maneno, na darasa limepapita bila kutia neno. Katika Kiswahili, kirejeshi kikiwa ndani ya kitenzi, mtendaji huja nyuma: "kitabu alichonunua mwalimu". Mwanafunzi akifuata mpangilio huo anaandika "the book which bought the teacher", na kitabu kimemnunua mwalimu. Kwa vitu hilo ni kichekesho tu. Kwa watu ni hatari, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinaacha shaka: "mtoto aliyempiga mwalimu" ni mtoto aliyempiga nani, au aliyepigwa na nani? Sisi hutegemea muktadha. Kiingereza hakina muktadha wa kutegemea, kina nafasi tu. "The child who hit the teacher" na "the child the teacher hit" ni kesi mbili tofauti mbele ya mkuu wa shule. Kanuni yenyewe ni fupi na ingetosha dakika kumi: kirejeshi kikifuatwa na kitenzi moja kwa moja, jina lililotangulia ndilo lililotenda, kikifuatwa na mtu au kitu kingine, huyo wa pili ndiye aliyetenda.

Dakika hizo kumi zingepatikana kwa kupunguza mjadala wa punda. Kiswahili kinampa punda upatanisho wa mtu, "punda aliyeanguka", kwa hiyo wanafunzi huandika "the donkey who fell". Kiingereza hutumia "which" au "that" kwa wanyama, isipokuwa yule wa nyumbani mwenye jina lake na mapenzi ya wenyewe. Basi. Lakini kwa mji ambao punda ndiye lori na ndiye teksi, kila mtu ana la kusema, na kipindi cha tatu kikaliwa nusu nzima.

Kipindi cha nne, cha koma, ndicho bora kuliko vyote, na waongoza wageni wasikikose. Swali ni moja: msikilizaji akikatizwa kabla ya kishazi, angeuliza "ipi?" Akiweza kuuliza, kishazi kinatambulisha, usiweke koma. Asipoweza, kishazi ni nyongeza, na koma huwekwa mbili, ya kufungua na ya kufunga. Mifano imechukuliwa hapa hapa. "The fort that stands at Siyu is on Pate Island": ngome ziko zaidi ya moja katika visiwa hivi, kwa hiyo kishazi kinachagua, hakuna koma. "Lamu Fort, which was completed in 1821, was a prison until 1984": Lamu Fort ni moja, hakuna wa kuuliza ipi, koma mbili. "The island where the planes land is called Manda": bila koma. "Manda, where the planes land, has the ruins of Takwa": kwa koma. Kitu kilekile, kishazi kilekile, na koma zinategemea tu kama jina la kisiwa limeshatajwa.

Kwa nini tunakosea hapa? Kwa sababu Kiswahili hakitulazimishi kutenganisha. "Ngome ya Lamu ambayo ilimalizwa 1821" na "ngome ambayo iko Siyu" huandikwa namna moja, na mwandishi akitia koma au asitie hakuna anayemkamata. Katika Kiingereza, "My wife who lives in Mombasa" bila koma inamfanya mgeni ahesabu wake. Na baada ya koma ya nyongeza "that" haifai: "Lamu Old Town, that was listed in 2001" ni kosa, andika "which". Mwalimu huwafanya wanafunzi wasome kwa sauti na kushusha pumzi penye koma, jambo linalowasaidia zaidi wanaosema kuliko wanaoandika. Hata hivyo linasaidia.

Vishazi vilivyopunguzwa vimepewa nusu ukurasa, wa 14, na hilo ni pungufu kubwa kwa mtahiniwa. Kiingereza huruhusu kuangusha kirejeshi kikiwa yambwa, yaani mtendwa: "the boat we took". Hakiruhusu kikiwa kiima, yaani mtenda: "the man sells fish is my uncle" haisimami, lazima "who sells". Kuandika si tatizo, kwa kuwa sisi tumezoea kirejeshi kisichokosekana na hatuangushi ovyo. Tatizo ni kusoma. "The house the fisherman built fell" inamchanganya mtu: majina mawili yamegandana, kisha vitenzi viwili. Dawa ni kuchomeka "that" kati ya majina hayo mawili, na sentensi inafunguka. Vibaya zaidi ni "The boys paid on Friday left early." Msomaji anaona "paid" anadhani wavulana walilipa. Walilipwa. Chomeka "who were" kabla ya "paid": sentensi ikikubali na bado kuna kitenzi kingine baadaye, "paid" hiyo ni "waliolipwa", wala si "walilipa". Vivyo hivyo "a dhow built in Matondoni" ni jahazi lililoundwa Matondoni, na "the man carrying the water" ni anayebeba. Ufahamu wa KCSE umejaa vishazi vya namna hii, na kijitabu kimeweka mifano miwili tu.

Sasa nusu ya pili, ya vishazi nomino. Hapa ndipo darasa linapojikwaa, na kinacholiangusha ni sharti lake lenyewe. Mlangoni pamebandikwa karatasi: Kiswahili hakiruhusiwi, faini shilingi 10. Faini huingia kwenye kopo lilelile la "him". Katika vishazi rejeshi sharti hili halikudhuru sana, mkasi ulisema badala ya mwalimu. Katika vishazi nomino limefungia nje kifaa ambacho kila mwanafunzi alikuja nacho kutoka nyumbani. Kiingereza hutumia neno moja kwa kazi mbili au tatu. Kiswahili kimeshazigawa kazi hizo kwa maneno tofauti, na anayezijua hana haja ya kukariri kanuni.

Anza na "that". "The news that the boat had sunk reached Lamu" na "The news that he brought was bad." Kwa macho ni muundo mmoja. Kijitabu kinatumia ukurasa mzima kueleza tofauti, kwa majina ya kisarufi ambayo hata mwalimu aliyapitia haraka. Kwa Kiswahili: ya kwanza ni "habari kwamba mashua imezama", ya pili ni "habari aliyoleta". Ikija "kwamba", hicho ni kishazi nomino. "That" haibadilishwi kuwa "which". Ikija "-yo-" au "ambayo", ni kirejeshi. "Which" inafaa, na kwa kuwa ni yambwa yaweza kuangushwa. Mkasi nao ungethibitisha: "the boat had sunk" imetimia, haina cha kukatwa, "he brought it" ina "it" ya kutupa koponi. Vifaa vyote viwili vilikuwa mezani na hakuna aliyevikutanisha.

"If" ni rahisi zaidi. Kuna "if" ya sharti na kuna "if" ya kuuliza, ambayo ni ndugu ya "whether". Kosa la kawaida ni kutia "will" baada ya ile ya sharti: "If he will come, I will tell him." Jaribio ni "-ki-". "Niambie kama watakuja" na "niambie wakija" ni maombi mawili tofauti kabisa. La kwanza linataka jibu la "ndiyo" au "hapana" sasa hivi, la pili linangoja siku yao. Panapokubali "-ki-" pana sharti, na Kiingereza hutaka wakati uliopo: "Tell me if they come." Panapokataa "-ki-", panapobaki "kama" pekee, ni kishazi nomino, na "will" ni halali: "Tell me if they will come", au bora zaidi "whether they will come". Jaribu "sijui akija". Haisemeki. Basi "I don't know if he will come" iko salama.

Hapo hapo kijitabu kimesema, ukurasa wa 22, kwamba "if" na "whether" ni sawa popote. La. Ziko sehemu nne ambapo "whether" peke yake ndiyo inayokubalika: baada ya kihusishi, "it depends on whether the tide is high"; kabla ya kitenzi chenye "to", "whether to go or stay"; inapofuatwa papo hapo na "or not"; na kishazi kinapokuwa kiima mwanzoni mwa sentensi, "Whether he comes is not our business." Mtahiniwa akiandika "depends on if" atapoteza alama aliyokuwa nayo mkononi.

"When" nayo imegawanywa na Kiswahili muda mrefu: "lini" upande mmoja, "-po-" upande wa pili. "Niambie mashua itaondoka lini" inataka saa. "Niambie mashua itakapoondoka" inataka mtu apige simu mashua inapong'oa nanga. Kwa Kiingereza, ya kwanza ni kishazi nomino, "Tell me when the boat will leave", ya pili ni ya wakati, na "will" haina nafasi, "Tell me when the boat leaves." Kosa letu linatoka kwenye "-taka-" ya "itakapoondoka": tunasikia wakati ujao, tunatia "will". Kwa wafanyakazi wa hoteli hili si la mtihani tu. Ukimwambia mgeni "I will tell you when the boat will leave", umemwahidi saa ya kuondoka. Yeye atakaa akingoja utaje saa, wewe umeshuka gatini ukikusudia kumwita boti ikiwa tayari.

Si kila mahali Kiswahili kinasaidia, na mwalimu angekuwa na haki ya kukitilia shaka kwenye "what". Sisi tuna "alichosema", na kitenzi hichohicho kinatumika mara tatu: "alichosema", "kitu alichosema", "kila alichosema". Kiingereza kinagawa: "what he said", "the thing that he said", "everything that he said". Kutoka hapo huzaliwa "everything what he said", "all what I know" na "the thing what". Kumbuka tu kwamba "what" imemeza jina lake, maana yake tayari ni "kitu ambacho". Kukiwa na jina au "all" au "everything" mbele, tumia "that" au usitumie kitu. Kukiwa patupu, "what". Ukurasa wa 19 unalisema hili kwa mistari mitatu iliyonyooka, na ndio ukurasa bora wa nusu hii.

Vivyo hivyo "jinsi inavyofanya kazi" ina maneno mawili ya namna, "jinsi" na "-vyo-", na tunaandika "the way how it works". Chagua moja: "the way it works" au "how it works". Ajabu ni kwamba "the place where" na "the reason why" huruhusiwa, "the way how" haipiti. Lugha ni desturi, si hesabu.

Mpangilio wa maswali umefundishwa vizuri sana. "Where does he live?" ikiingia ndani ya sentensi nyingine hurudi kwenye mpangilio wa kawaida: "I don't know where he lives." "Does" inaondoka, "-s" inarudi kwenye kitenzi. Kosa la "I don't know where does he live" watu hulipachika Kiswahili bure; sisi tunasema "anakaa wapi?" na "sijui anakaa wapi" bila kugeuza neno. Linatoka kwa mwanafunzi aliyefundishwa maswali kwa bidii kisha akayapeleka kila mahali. Zoezi la darasa ni la watu wawili: mmoja mgeni, mmoja wa mapokezi, na kila swali la mgeni linaanza kwa "Could you tell me". "Could you tell me where the toilet is?" hutoka mara ishirini hadi "is" ikae mwishoni bila kusukumwa. Swali ambalo neno lake la kuuliza ndilo kiima halibadiliki, "Who took the bag?", "I know who took the bag", na hilo limetajwa. Alama ya kuuliza haikutajwa: inafuata sentensi kubwa, si kishazi. "Do you know where he lives?" inayo. "I asked where he lived." haina.

"Say" na "tell" zimepita haraka na inatosha: "told" inataka mtu baada yake, "told me that", "said" haimtaki. Wakati katika kauli taarifa ulihitaji muda zaidi. "Alisema anaumwa" inabaki na "-na-" kwa Kiswahili hata kama ni mwaka jana, kwa hiyo tunaandika "He said that he is sick" pasipo kufikiri. Kiingereza hurudisha nyuma, "he was sick", isipokuwa jambo likiwa bado ni kweli hadi sasa, ambapo vyote viwili vinakubalika. Na lipo lile la "it" linalopotea: "inashangaza kwamba hajafika" inageuka "Is surprising that he has not arrived", kwa kuwa kiima chetu "i-" kimeshonwa kwenye kitenzi na hakionekani kama neno. Andika "It is surprising that". Mwalimu alilisahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye madaftari, bila kulieleza, na wiki iliyofuata likarudi.

Kwa shilingi 3,500, mwongoza wageni au mtu wa mapokezi atapata thamani yake kwenye kipindi cha nne na yale mazoezi ya "Could you tell me". Mtahiniwa ajiunge kwa ajili ya wiki tatu za mkasi, lakini vishazi vilivyopunguzwa ajisomee pengine. Chumba kina feni moja, kaa upande wa dirisha. Mikasi ni minane na wanafunzi ni zaidi ya hapo, kwa hiyo beba wako. Kijitabu peke yake kinauzwa shilingi 250 kwa asiyeweza kuhudhuria: ukikinunua, futa mstari wa "whose" ukurasa wa 9, andika zile sehemu nne za "whether" pembeni ya ukurasa wa 22, na kila penye "that", "if" na "when" kuanzia ukurasa wa 16 andika juu yake kwa penseli "kwamba" au "amba-", "kama" au "-ki-", "lini" au "-po-". Nyumbani hakuna faini.